Mzee wa Kwenye Minyaa

Juzi mdogo wangu Juma, anayekaa na mama kule Ujiji, alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya kanga. Imefungwa kwenye miti miwili ya fundi, kwenye kona ya nyuma ya nyumba ambako ua wetu wa zamani wa minyaa unang'olewa ili tujenge ukuta wa tofali. Mbele ya kanga mama amekaa kwenye kigoda, mgongo kwa mpiga picha, kama askari wa zamu. Chini yake Juma ameandika: "Dada, mama amemsimamisha fundi tangu asubuhi. Anasema hapa hapapitwi. Nikimuuliza kuna nini, anasema mpigie dada yako, yeye ndiye aliyeanza. Kwani ulianza nini?"

Nilicheka peke yangu jikoni, hapa Dodoma, mpaka maji ya ugali yakakauka sufuriani. Kwenye kabati kulikuwa na mfuko wa dagaa ambao mama aliwatuma kwa treni, na sijui kama niliwanusa kweli au nilikumbuka tu, lakini harufu ilinijia yote kwa mara moja: dagaa wa ziwa letu, wasio na chumvi ya bahari, wananuka jua na mchanga wa moto. Nyuma ya harufu hiyo akaja Mzee, taratibu kama kawaida yake, na macho yake yanayotazama pande mbili.

Mzee alikuwa kinyonga. Nilimkuta kwenye minyaa wakati sina meno ya mbele, Juma hajazaliwa, na mama ana mimi tu wa kumsumbua. Nilikuwa natafuta ndala yangu chini ya ua nikaona tawi linanitazama. Jicho moja liliniangalia mimi, jingine liliangalia kuku wa jirani. Alikuwa wa kijani kama jani changa la mgomba, na alipotaka kutembea alinyanyua mkono, akausimamisha hewani, akatikisika kidogo, akaurudisha, akafikiri, akaunyanyua tena. Mtu pekee niliyewahi kumwona akitembea hivyo alikuwa mzee mmoja wa msikitini kwetu, aliyevuka barabara kana kwamba ameijenga yeye. Kwa hiyo nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. Lakini hata yule wa msikitini alikuwa haitikii sana, basi sikuona ubaya.

Kwetu kinyonga si mnyama wa kuchezea. Wanaume wanaobeba magunia ya dagaa mgongoni huku wakiimba, wakimwona kinyonga njiani walivuka upande wa pili wakanyamaza. Wengine walisema akikung'ang'ania kichwani hatoki mpaka ngurumo ipige. Wengine walisema ni mkosi tu, hawakueleza mkosi gani, na kwa mtoto mkosi usioelezwa ndio mbaya zaidi. Mama aliamini yote mawili, na akaongeza la kwake kwamba mate ya kinyonga yanatia upofu. Siku aliyonikuta nimemweka Mzee kwenye mkono, aliangusha beseni.

"Asha! Mtupe! Mtupe mbali huyo mdudu!"

"Mama, ni mzee."

"Mzee wa nani? Sisi hatuna mzee wa namna hiyo!"

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Baba, ambaye alikuwa amerudi kuvua na anataka kulala, alisema kutoka chumbani kwamba mwacheni mtoto na mzee wake, mradi nyumba inyamaze. Mama akakubali, kwa masharti. Mzee abaki kwenye minyaa ya kona ya nyuma. Asivuke kizingiti. Na juu ya yote, asionekane ufukweni kwenye vichanja vya kuanikia dagaa.

"Akikanyaga dagaa wangu hata mara moja," mama alisema, "nani atanunua? Watasema dagaa wa Mama Asha wametembelewa na kinyonga. Tutakula wenyewe mpaka tuote mapezi."

Nikawa mlezi. Sikumbuki kama kuna kazi nyingine niliyowahi kuifanya kwa moyo kama ule, na nimefanya kazi za mshahara. Siku ya kwanza nilimpa tonge la ugali, maana mgonjwa au mzima, mgeni au mwenyeji, kwetu mtu hupewa ugali. Akaliangalia kwa jicho moja tu, lile jingine hakulisumbua. Nikampa dagaa aliyekaangwa, akampa mgongo. Nikampa uji, nikidhani labda hana meno kama mimi. Usiku ule sikula vizuri. Nilimwambia mama kwamba Mzee atakufa kwa njaa nyumbani kwetu, na watu watatusema.

Ni nzi waliomwokoa. Pale alipokuwa amekaa ametulia, nzi mmoja alitua kwenye tawi, mbali kabisa, kwenye umbali ambao mimi ningehitaji fimbo. Mdomo wa Mzee ukafunguka kidogo. Halafu nzi hakuwepo, na Mzee alikuwa anatafuna. Sikuona kilichopita katikati. Nilikaa pale mpaka akala mwingine, ndipo nikauona ulimi, mrefu kumshinda yeye mwenyewe, ukitoka na kurudi kabla sijapepesa jicho. Nilipiga kelele za furaha hata mama akatoka na mwiko.

Kwa nzi, hakuna mtoto tajiri kama mtoto wa mwanika dagaa. Ufukweni kwetu dagaa walianikwa asubuhi, wakimeta kama bati jipya, na nzi walikuja kwa mafungu. Akina mama walipunga matawi kuwafukuza. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru na kuku, lakini tangu nimpate Mzee nilianza kuwaona nzi kama mali inayopotezwa ovyo. Nilitembea kati ya vichanja na mfuko wa nailoni, nikiwafunika, huku nikijishindia sifa za uongo.

"Huyu mtoto ana bidii," Mama Furaha alisema. Mama Furaha alikuwa rafiki yake mama, kichanja chake kilifuatana na chetu. Wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na hakuyaacha maneno ya kwao. "Weye Asha, nzi ile unapeleka wapi?"

"Kwa Mzee."

"Mzee gani huyu anakula nzi?"

Nilipomwambia, alijifunga kanga upya, akasogea upande wa pili wa mama, na kwa muda mrefu baada ya hapo alinisalimia kwa mbali.

Baadaye nikapata ujuzi zaidi. Nilichukua utumbo wa samaki aina ya mgebuka, nikauweka kwenye kopo la mafuta ya kula, nikalitega chini ya tawi la Mzee. Nzi walikuja wenyewe, na Mzee akala bila kusogea, kama mtu aliyealikwa. Majirani walilalamikia harufu. Baba aliuliza kama kuna kitu kimefia nyuma ya nyumba. Lakini Mzee alinenepa. Tumbo lake lilijaa pande zote mbili, likawa gumu na la duara, na mimi nikatembea kifua mbele mtaa mzima. Kwetu mwenye kitambi ni mtu anayetunzwa. Nilijua watu wakimwona watasema: huyo ni wa Asha.

Afya yake niliisoma kwenye rangi. Kijani ilikuwa uzima. Akiwa wa kahawia, nilijua ana homa, nikamwekea jani la mgomba limzuie jua. Jioni alipolala alipauka, akawa mweupe karibu kama karatasi, na mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilidhani amekufa. Nililala nikilia chini ya shuka ili mama asisikie. Asubuhi nikamkuta wa kijani, anatazama pande mbili, nikaamini kwamba kinyonga hufa kila jioni na kufufuka kila alfajiri, na kwamba ufufuo huo unategemea sana mimi kumwamkia mapema. Kwa hiyo niliwahi kuamka kuliko kuku. "Shikamoo, Mzee," kisha namnyunyizia maji kwenye majani kwa vidole, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba maji ya kwenye kizibo hayagusi lakini tone linaloning'inia analilamba.

Halafu mbalamwezi ikafika.

Mtu asiyekaa kando ya ziwa huenda hajui kwamba dagaa wa kwetu huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa, dagaa wakaifuata. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linakuwa na taa, nani ataiona yako? Basi mitumbwi inavutwa mchangani, wanaume wanashona nyavu na kucheza bao, vichanja vinabaki vitupu. Watoto tuliipenda mbalamwezi kwa sababu baba zetu walikuwa nyumbani. Safari ile niliichukia. Hakuna mitumbwi, hakuna dagaa. Hakuna dagaa, hakuna nzi. Niliona mwezi unapanda juu ya vilima vya nyuma ya mji mkubwa kama sinia, nikaona sahani ya Mzee inakauka.

Na kweli, Mzee aliacha kula. Nilimletea nzi wa chooni, mmoja mmoja, kwa taabu kubwa, akawaangalia wakatembea mbele ya pua yake. Nilimletea panzi. Alikataa. Rangi yake ikabadilika, ikawa ya giza, na madoa ya njano ambayo sikuwahi kuyaona. Badala ya kukaa juu alishuka, akazungukazunguka chini ya minyaa, akarudi juu, akashuka tena, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Tumbo lilibaki kubwa, lakini sasa lilinitisha. Mtoto wa jirani yetu aliwahi kuugua akavimba tumbo, na wakubwa walikuwa wakinong'ona.

Nilimweka Mzee kwenye kikapu, nikafunika na kitambaa, nikampeleka duka la dawa. Muuzaji, kijana mpole mwenye miwani, aliinama juu ya meza.

"Mgonjwa nani, mdogo wangu?"

"Ni mzee. Hali, na tumbo limejaa."

"Umri wake?"

"Sijui. Ni mzee tu."

"Choo anapata?"

"Kidogo."

"Yuko wapi sasa?"

Nikafunua kikapu. Sijawahi tena kuona mtu mzima akipanda juu ya kiti kwa wepesi ule. Aliniambia kutoka huko juu, kwa heshima, maana mgonjwa ni mgonjwa, kwamba dawa za wazee wa namna hii hawana, nimrudishe alikotoka haraka na nimpe maji mengi.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Mwezi ulikuwa umepungua, mitumbwi ilikuwa imerudi na dagaa wa kwanza, mama alikuwa ameshatangulia ufukweni. Nikaenda kwenye kona kumwamkia Mzee na sikumkuta kwenye tawi. Alikuwa chini, kwenye udongo mlaini, kichwa ameinamisha, anachimba. Mikono ile iliyokuwa ikifikiri kabla ya kila hatua sasa ilikuwa inafukua bila kupumzika. Shimo lilikuwa limeshameza kichwa na mabega.

Siku chache kabla nilikuwa nimechungulia watu wakichimba kaburi la jirani. Mahali pengine mtu anapochimba na watu wamenyamaza sikupajua. Nikaelewa mara moja, kama mtoto anavyoelewa, bila shaka hata kidogo: Mzee ameona hana wa kumzika, anajichimbia mwenyewe.

Nilimvuta, nikafukia shimo, nikamrudisha kwenye tawi. Akashuka. Akaanza shimo jipya. Nikamvuta tena, safari hii akafungua mdomo na kunifokea, mdomo wa ndani una rangi ya machungwa, yeye ambaye hakuwahi kunionyesha hasira. Nikamrudisha, akashuka. Nikaona nimeshindwa, na nikakimbia ufukweni nikiwa nimejaa udongo na machozi.

Mama alikuwa anatandaza dagaa. Sikumwambia kitu kinachoeleweka. Nilisema Mzee anakufa, anachimba, njoo. Alitazama dagaa wake, ambao wakiachwa kidogo tu kunguru wanafungua sherehe. Alinitazama mimi. Kisha akafuta mikono kwenye kanga akanifuata, na hilo sijalisahau, kwamba aliacha kazi ya siku nzima kwa ajili ya mdudu aliyekuwa akimwogopa.

Alisimama mbali kwanza. Akasogea. Akasogea tena, akachuchumaa, mkono kwenye mdomo. Alikaa hivyo mpaka nikaacha kulia kwa kutaka kujua anaona nini.

"Umesema hali?"

"Hali."

"Na anazunguka chini, hatulii?"

"Hatulii."

"Kama tetea," mama alisema, polepole, anajiambia mwenyewe. "Tetea akitaka kutaga si huwa hivyo? Anaacha mtama, anapekua huku na huku." Akanivuta karibu naye. "Mwana wanje," aliniita kwa kilugha chetu, yaani mwanangu, "usimguse. Huyu hafi. Anatafuta mahali pa kuzalia."

"Mzee?"

"Mzee wako ni mama wa watu."

Sikujua nicheke au nione aibu, kwa siku zote zile nilizokuwa nikimwamkia vibaya. Lakini mama alikuwa ameshasimama. Kuku wa jirani walikuwa wamekuja, na watoto waliokuwa wakienda shule walianza kuchungulia kwenye ua, mmoja ameshika jiwe. Mama alivua kanga ya begani, akaitanua, akaishika mikono miwili juu, akageuza mgongo kwa ile kona. Nilikuwa nimewaona akina mama wakifanya hivyo siku moja stendi, mwanamke aliposhikwa na uchungu njiani: wanazunguka, wanainua kanga, na hakuna mwanaume wala mtoto anayeona. Sikufikiri kwamba kanga inaweza kuinuliwa kwa ajili ya kinyonga, na nadhani mama naye hakufikiri. Mikono yake ndiyo iliyofanya.

"Piteni!" aliwaambia watoto. "Hamjaona watu wanajifungua? Piteni shuleni!"

Mama Furaha alikuwa ametufuata kuja kuuliza kwa nini dagaa wameachwa. Alipoona kanga imeinuliwa alishika pembe ya pili palepale, akageuza mgongo na yeye. Ndipo akanong'ona: "Nani anazala?"

"Kinyonga wa Asha."

Alitetemeka, kanga nzima ikatetemeka pamoja naye. Lakini hakuiachia. "Yesu wangu," alisema. "Iko salama?"

"Yuko salama."

"Basi tusimame."

Wakasimama. Jua likapanda, likaanza kuunguza, nami nikiwa katikati, mtu pekee aliyeruhusiwa kutazama kwa sababu ndiye mlezi. Mzee aliingia shimoni kinyumenyume na kubaki kichwa tu, macho mawili, moja kwangu na moja kwenye maua ya kanga. Alipotoka baada ya muda mrefu alikuwa amekonda kabisa, ngozi ya ubavuni inaning'inia kama nguo ya kuazima. Akafukia shimo kwa mikono ile ile, akalikanyagakanyaga kwa uangalifu wa mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.

Kunguru walikuwa wamekula dagaa wa kutosha. Mama alikuwa bado anatazama ile ngozi iliyolegea, akasema, "Mzazi anatakiwa kula," na mama yangu, aliyewahi kuangusha beseni, aliingia kwenye majani nyuma ya choo na kanga yake akaanza kukamata panzi. Alinipa mimi nimlishe, hakufikia hapo pa kumlisha mwenyewe. Mzee alikula panzi wote. Nilimnyunyizia maji akanywa, akanywa, akanywa, na kijani kikarudi mgongoni kidogo kidogo. Nilikuwa na furaha ambayo mwili wangu mdogo haukutosha kuibeba. Nilikimbia kuzunguka nyumba, nikirudi kumwangalia kila mzunguko.

Alikaa nasi muda, akanenepa tena kwa haki, halafu akazama ndani ya minyaa na hatukumwona tena. Nililia kidogo. Mama alisema wenye watoto hawaendi mbali. Tuliweka mawe kuzunguka ile sehemu, nikasubiri kwa bidii, kisha kwa mazoea, kisha kiangazi kikaja kirefu nikasahau.

Ni mama aliyekumbuka. Mvua zilikuwa zimerudi na kukolea, mama ana tumbo kubwa la Juma, na asubuhi moja aliniita nyuma ya nyumba kwa sauti ya chini kabisa. Kwenye minyaa, kila tawi lilikuwa na kinyonga mdogo, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ameshika kwa mikono yote miwili, anatikisika, anafikiri kabla ya hatua. Na chini yao, kwenye sahani yetu ya bati, kulikuwa na maganda ya ndizi zilizoiva sana, vijinzi vidogo vikizunguka juu yake. Si mimi niliyeyaweka.

"Nzi wa dagaa ni wakubwa kwao," mama alisema, akitazama pembeni. "Wataanzia hawa."

Basi jioni ile ya picha nilimpigia mama. Simu iliita sana kabla hajapokea. Nilisikia upepo wa ziwa, na fundi akikohoa kwa mbali, kukohoa kwa mtu anayesubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema upesi, nina mzazi hapa."

"Na ukuta?"

"Ukuta utapinda," alisema mama, akakata simu.